Nani Atabaki na Kikapu?

Ndugu msomaji, kama una watoto nyumbani, bila shaka swali hili si geni masikioni mwako: "Baba, lini utatupeleka kwenye bembea?" Huulizwa Jumamosi usiku, wakati mshahara haujatoka. Huulizwa tena Jumapili asubuhi, wakati wewe ungependa kulala kidogo. Nasi katika nyumba yetu hapa Miyuji tuliulizwa mpaka tukachoka kutoa ahadi, tukaamua kwenda. Leo nataka kukueleza juu ya kikapu tulichobeba, maana kikapu hicho ndicho kilichotuharibia safari ya kwanza, nacho kilipofungwa kwa akili ndicho kilichotupa safari ya pili.

Miyuji ni kata iliyo upande wa kaskazini wa jiji la Dodoma, kwenye njia ya kuelekea Arusha. Ukisimama mahali palipoinuka utaona mabati mapya ya kila rangi yakimetameta katikati ya mibuyu na mawe makubwa. Wengi wetu ni wageni wa juzi tu. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, lakini sisi tulikuja na ofisi, baada ya Serikali kuanza kuhamia huku kwa nguvu mwaka 2016. Tulikuja na makabati, magodoro na watoto, ila bahari hatukuweza kuja nayo. Mtoto aliyezoea kupelekwa ufukweni Dar es Salaam siku ya sikukuu, huku hukuta ardhi iliyo mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua za miezi michache kati ya Desemba na Aprili, na upepo wa kiangazi unaorusha vumbi mpaka ndani ya sahani ya chakula.

Hatuna hapa bustani za michezo kama zile za ng'ambo, zenye treni za kupinduka angani. Wenzetu wa Dar es Salaam wana michezo ya maji kule Kunduchi. Sisi tunayo bustani ya Chinangali, tunayo Nyerere Square penye sanamu ya Mwalimu, na ziko sehemu nyingine ndogo ndogo za watu binafsi zenye bembea na mabwawa ya kuogelea. Toka Miyuji ni safari ya daladala tu. Lakini kwa mtoto wa miaka 6 safari ni safari, na kwa mfuko wa mfanyakazi kiingilio ni kiingilio.

Mara ya kwanza tulitoka siku ya sikukuu. Tulikuwa watano: mimi, mama watoto, mabinti wawili na mdogo wao wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mama watoto aliamka saa 10 alfajiri. Alipika pilau akaitia katika hotipoti kubwa, akakaanga kuku, akakata kachumbari, akajaza chupa ya chai, akapanga sahani, vikombe, vijiko na mkeka, kisha akaweka kando dumu la maji la lita 10. Mimi nilibeba simu na gazeti. Nayasema haya kwa aibu, lakini nikiyaficha, makala haya hayatakuwa na maana.

Tulipofika langoni, mahali ambapo sitapataja, mlinzi alikitazama kikapu, akatutazama na sisi, akasema kwa adabu kabisa: "Samahani ndugu zangu, vyakula na vinywaji vya kutoka nje haviruhusiwi." Nilibishana naye. Nilimwonyesha mtoto mchanga. Nilitaja hata kazi yangu, jambo lisilonipa heshima yoyote. Mlinzi hakubadilika, na nyuma yetu watu walikwisha kuanza kuguna. Ndipo mama watoto alipovuka barabara, akatua kikapu chini ya mwarobaini, akakunja kanga yake akaikalia, akasema, "Ingieni tu, Baba. Mimi nitabaki na vitu."

Alibaki na vitu toka saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na mtoto mapajani. Kivuli cha mwarobaini kilihama, naye akawa anakifuata na kikapu chake. Saa 8 tulipotoka kula, kachumbari ilikuwa imechacha, na ile pilau aliyoiamkia alfajiri tuliila kwa mashaka. Jioni, tukiwa nyumbani, binti yetu wa pili, ambaye furaha ilikuwa haijamwisha, alimwuliza: "Mama, wewe uliogopa kupanda lile gurudumu?" Mama yake akajibu kwamba ndiyo, aliogopa.

Usiku ule sikulala vizuri.

Tangu siku hiyo, kila niingiapo katika bustani ya watoto hutazama kwanza chini ya miti. Nawe jaribu utazame. Utamwona mama, au shangazi, au dada wa kazi, au bibi aliyeletwa toka kijijini ati apunge upepo, amekaa kando ya vyombo na kupakata viatu vya watu wengine. Amelipiwa kiingilio ili alinde hotipoti. Basi nakusihi, kabla hujauliza tubebe nini, uliza hivi: tukifika, nani atabaki na kikapu? Ukiona jibu lake ni jina la mtu, jua mzigo huo ni mkubwa mno, upunguze.

Kazi ya kufunga mzigo huanza siku moja kabla, kwa kupiga simu au kupita pale mahali ukitoka kazini. Uliza kama chakula cha nyumbani huruhusiwa, kama maji huruhusiwa, na kama pako mahali pa kuweka vitu. Mambo haya matatu yangeniokoa mimi na fedheha ya langoni. Na kama ni mahali ambapo hata maji ya mtoto yanakatazwa, mimi siku hizi siendi, hata kama bembea zake ni za dhahabu.

Maji nayaweka mbele ya vyote. Tarehe 17 Julai 1955, huko Anaheim katika jimbo la California nchini Marekani, Walt Disney alifungua bustani yake mashuhuri ya Disneyland. Joto siku hiyo lilifikia kiasi cha nyuzi 38, na watu wapatao 28,000 waliingia, wengi wao kwa tiketi za kughushi. Mafundi bomba walikuwa wamegoma siku za nyuma, muda ukawa mfupi, Disney akalazimika kuchagua kati ya kumaliza vyoo na kumaliza mabomba ya maji ya kunywa. Akachagua vyoo. Wageni wakakuta mabomba makavu, wakanung'unika kwamba mwenyewe anataka wanunue soda. Ikiwa tajiri yule, pamoja na mafundi wake wote, alishindwa kuwanywesha watu siku ya kwanza, wewe usimtegemee mwenye bembea za Dodoma akunyweshee watoto wako.

Sisi wa Miyuji tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka katika visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, huko huko kaskazini kwetu, na hata hivyo siku za mgawo zinatukuta na madumu yamepangwa uani. Hakuna mwanamke wa hapa asiyejua uzito wa maji: lita 1 ni kilo 1. Dumu langu la lita 10 lilikuwa kilo 10 mkononi mwa mtu mmoja. Kosa halikuwa kubeba maji. Kosa ni kuyaweka yote katika chombo kimoja, kisha kumpa mtu mmoja akibebe. Siku hizi kila mtoto anayetembea ana chupa yake ya lita 1, na kila mtu mzima lita 1 na nusu. Mtoto huona fahari kubeba chake, na kila anywapo mzigo wake unapungua. Chupa mbili tunaziacha usiku kucha kwenye friji ya jirani zigande. Asubuhi tunaziweka kando ya chakula, nazo hukipoza, na kufikia saa 7 mchana barafu imekuwa maji baridi ya kunywa.

Angalia pia dalili za mtoto aliyepungukiwa maji. Si lazima alie. Mara nyingi yule aliyekuwa akikimbia hunyamaza ghafla, midomo imekauka, kichwa kinamwuma, na tangu asubuhi hajaenda kukojoa. Mtoe juani, mpe maji kidogo kidogo. Ndani ya begi weka paketi mbili za chumvi ya kuchanganya na maji, zile ziitwazo ORS, ambazo duka lolote la dawa linazo. Tumbo likimharibika mbali na nyumbani, hizo ndizo za kwanza kukimbilia. Usipozipata, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Akizidi kulegea, mpeleke zahanati mara moja, bembea zitangoja.

Kuhusu chakula, pilau ibaki nyumbani. Najua wako watakaonikasirikia, maana sikukuu bila pilau si sikukuu. Ile jioni hapo nyumbani basi! Wali uliopikwa alfajiri na kukaa katika joto la mchana haufai, na wa nazi ndio mbaya zaidi. Kachumbari usiibebe kabisa. Chukua chapati zilizokunjwa, maandazi, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, na mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, maana ganda ni sahani na kifuniko kwa pamoja. Matunda yawe ya kumenya: ndizi, machungwa. Msimu wa zabibu ukifika huna haja ya kuulizwa, ila zioshe nyumbani. Chakula cha namna hii hakihitaji sahani, kijiko wala mkeka, nacho huliwa watu wakiwa wamesimama. Kwa hiyo kikapu chenyewe kinakufa, na mahali pake linakuja begi la shule la binti mkubwa, ambalo Jumapili halina kazi nyingine. Mifuko ya plastiki usiifikirie, imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Maganda yatie katika mfuko wa kitambaa, mrudi nayo.

Fedha ulizookoa kwa kutokununua chipsi na soda ndani, ambako tulikuta soda inauzwa karibu mara mbili ya bei ya dukani kwetu, zigawe kabla hamjatoka nyumbani. Sisi humpa kila mtoto hesabu ya michezo yake: mitatu, au minne. Akiimaliza yote katika nusu saa ya kwanza, shauri yake. Ugomvi wa kulilia hela umekwisha nyumbani mwetu. Nauli ya kurudi hukaa mfuko mwingine kabisa, isiguswe.

Mavazi hayana maneno mengi. Kofia kwa kila kichwa, na kama unaye mtoto mwenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua ni lazima, wala asikae juani mchana. Viatu vipya vya sikukuu viacheni, vitamchubua mtoto kabla hamjafika kituoni. Kanga mbili: ni mwavuli, ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia mtoto. Sweta usizidharau kwa sababu asubuhi kuna jua. Mwezi Juni na Julai, jua likishazama, upepo wa Dodoma hauna huruma na mtoto aliyelowa jasho.

Lipo jambo moja dogo ambalo halina uzito wowote, nalo ni kalamu ya wino. Andika namba yako ya simu ndani ya mkono wa kila mtoto, juu ya kiwiko, kabla hamjapanda daladala. Siku za sikukuu watu ni wengi, na mtoto aliyepotea husahau hata jina la baba yake. Ukimwuliza atakuambia, "Anaitwa Baba." Mwambie pia kwamba akipotea asitutafute, asimame pale pale alipo.

Safari ya pili tuliifanya miezi kadhaa baadaye, mahali pengine, baada ya kuuliza kwanza. Mama watoto aliamka saa 12, si saa 10. Begi la mgongoni nililibeba mimi, na mtoto mdogo nilimshika mimi. Hatukuwa na kitu cha kutua chini ya mti. Kiasi cha saa 6 mchana nilisimama kando ya uzio, nikimlisha kijana wangu ndizi, nikawatazama watatu wale wakipanda gurudumu. Lilipofika juu kabisa nilisikia sauti ya mtu mzima ikipiga kelele kuliko za watoto wote, na ndala moja ikaanguka karibu na miguu ya mwendesha mashine. Niliiokota.

Katika daladala ya kurudi Miyuji watoto walilala, wamefunikwa kanga, chupa zote tupu zinagongana ndani ya begi. Yule binti wa pili peke yake alikuwa macho. "Mama," akauliza, "leo hukuogopa?"

"Niliogopa sana," akajibu, akampa sweta avae.