Barua kutoka Belfast: Geti Hufungwa Jioni

Mjomba,

Uliniuliza kwenye simu kama huku bado wanapigana. Hapana. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998 uliwatuliza, ila kuta zipo palepale. Ninapokaa, Wakatoliki wako upande huu na Waprotestanti ule, katikati ukuta unaopita mapaa ya nyumba. Geti lake hufungwa jioni, ukichelewa, unazunguka. Na wote Wakristo! Mimi mwenye babu Msabato na shangazi anayefunga Ramadhani, nilipoulizwa kazini niko upande gani, nilibaki kucheka.

Siyo kwamba wanachukiana sana. Hawahitajiani tu: kila upande una duka lake, baa yake, shule yake. Mwaka 1981 wazazi fulani walichoka, wakaanzisha Lagan College kwa wanafunzi 28 wa pande zote mbili. Shule za namna hiyo zimeongezeka, lakini watoto wengi bado wanasoma mbalimbali.

Nikiwaambia wenzangu wa kazini kwamba kwetu Upare, kwenye shughuli ya Mlutheri, ng'ombe huchinjwa na Mwislamu, ili asiwepo mgeni wa kula makande makavu pembeni, wananitazama tu. Sijawaambia ya Buseresere, Geita, mwaka 2013, ambako ubishi wa nani achinje uliishia kwa mchungaji kuuawa.

Sisi Wapare wenyewe (tunaotaniwa kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku) tulikuwa na wamangi tisa, kila mmoja na milima yake. Kilichotukutanisha ni mbiru, ile kodi ya kumpimia kila mtu mali yake. Januari 1945 watu waliteremka kutoka Usangi, Mbaga na Mamba, wakapiga kambi Same, wakitaka kodi ya kichwa iliyo sawa kwa wote. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi wakamkabili Bwana Shauri mwenyewe, yule ofisa wa wilaya wa kikoloni. Kodi ikafutwa.

Ndiva, bwawa letu la maji ya mfereji, nayo ndivyo ilivyo. Maji yanajaa usiku, asubuhi yanafunguliwa, na asiyetokea kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, hulipa faini, awe wa msikitini au wa kanisani. Wa juu na wa chini wanagombana kila kiangazi, lakini wanagombana wakiwa kikao kimoja.

Sasa nasikia mnaunda upya kamati ya maji. Wamasai wa tambarare, ambao ng'ombe wao mnawakamata kwenye mfereji, mmewapa viti vingapi? Nijibu hilo kwanza, habari za mahindi zitafuata.