Kirumba: Nilikwenda Kudai Hela, Nikakuta Vibonzo

Kuna safari za fungate, kuna safari za kikazi, halafu kuna safari ya kwenda kumuuliza mumeo hela ya kiwanja imekwenda wapi. Yangu ilikuwa hiyo ya tatu.

Ndege ya Dar es Salaam kwenda Mwanza inachukua kama saa moja na nusu, na muda wote huo nilikuwa napanga maneno. Mume wangu aliacha kazi ya ofisini mwaka jana, akarudi kwao Kirumba kuchora vibonzo. Nilikubali shingo upande. Tulichopatana ni kwamba akaunti yetu ya pamoja, ile ya kiwanja cha Kiseke, haiguswi. Siku moja naangalia salio kwenye simu, shilingi 1,200,000 hazipo. Nikampigia. Akanijibu kwa upole, "Njoo uone mwenyewe." Hebu niambie, wewe ungefanyaje?

Uwanja wa ndege wenyewe uko Ilemela, manispaa iliyogawanywa kutoka Jiji la Mwanza mwaka 2012, kwa hiyo ukishuka tu umeshafika. Nikachukua bajaji. Barabara inapita Pasiansi, kushoto vilima vya mawe na nyumba zilizong'ang'ania majabali utadhani mbuzi, kulia ziwa linaonekana na kupotea. Dereva akanisalimia "Mwangaluka", nami nikaitikia hivyo hivyo. Hasira ni hasira, lakini salamu ya watu huitupi.

Kirumba unaisikia puani kabla hujaiona. Pale Mwaloni, soko kubwa la samaki, magunia ya dagaa yamepangwa hadi juu ya kichwa, sangara wakavu wamefungwa tayari kwa safari, na wanunuzi wengine wametoka Kongo, Rwanda na Burundi. Mita chache kutoka hapo, nyuma ya nyumba ya fundi mmoja anayechapa fulana za kampeni na za misiba, mume wangu amekodi chumba. Fundi ndiye aliyenipokea. "Karibu shemeji. Pole na safari. Usikanyage hiyo, haijakauka."

Mume wangu alikuwa ameinama mezani, vidole vyeusi kwa wino. Nilikuwa nimejiandaa kulianzisha palepale, lakini na fundi yupo, nikajikaza. Nikavuta kigoda nikakaa nitazame.

Kusema ukweli, nilikuwa nadhani kuchora kibonzo ni kuchora tu. Kumbe mwenzangu anaanza na maneno. Anagawa ukurasa miraba minne kwa penseli, anaandika kwanza kile wahusika watakachosema, anazungushia kiputo, ndipo anachora watu kwenye nafasi iliyobaki. Nikamuuliza kwa nini. "Kiswahili kina vitenzi virefu," akasema. "Neno kama 'hatukuandikiana' ni moja tu, lakini linakula nusu ya mraba. Ukichora watu kwanza, maneno yatawakalia vichwani." Baada ya penseli anapitisha wino mweusi juu ya karatasi ya trasi, ile inayopitisha mwanga. Akikosea mstari, anaanza upya.

Ukutani alikuwa amebandika kurasa za zamani za gazeti la Sani. Sisi tuliokua na kaka wakubwa tunalikumbuka, na akina Ndumilakuwili na Lodilofa wa marehemu Philip Ndunguru. Kabla yao Christian Gregory alikuwa akichora Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, na baadaye James Gayo akaja na Kingo wake. Gado, kijana wa Dar es Salaam, alihamia Nairobi mwaka 1992 kuchorea gazeti la Nation, na mwaka 1996 kitabu chake cha Abunuwasi kikatolewa na Sasa Sema. Mume wangu anawataja hawa kama wengine wanavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga. Ni kweli nchi hii ina ukoo wa wachora katuni. Swali langu lilikuwa moja tu: ukoo huo unanihusu nini mimi na kiwanja changu?

Basi akanionyesha hela ilikokwenda. Fremu za mbao zilizovishwa kitambaa chembamba, kikavutwa hadi kikigongwa kinalia kama ngoma. Cha fulana kina nyuzi kama 43 kwa kila sentimita, cha karatasi kinafika 90 na zaidi, na ndicho ghali. Makopo ya wino. Dawa inayogandishwa na mwanga. Njia hii ya kuchapa haikuanza jana. Mwingereza Samuel Simon aliichukulia hataza mwaka 1907, na Andy Warhol akajipatia nayo umaarufu Marekani kuanzia mwaka 1962. Ila Kirumba wana kitu ambacho Warhol hakuwa nacho, jua la karibu kabisa na ikweta.

Kazi inakwenda hivi. Fremu inapakwa dawa gizani, na giza lenyewe ni bafuni, dirisha limezibwa kwa blanketi. Ikikauka, ule mchoro wa trasi unalazwa juu ya kitambaa, unagandamizwa kwa kioo, fremu inatolewa juani. Panapopigwa na mwanga, dawa inakuwa ngumu. Penye mistari myeusi mwanga haupiti, dawa inabaki laini, na ukiimwagia maji inatoka. Kinachobaki ni mchoro wenyewe, umekuwa matundu madogo ya kupitishia wino. Ni dakika chache tu, lakini wingu likitokea ziwani katikati ya hesabu, kazi imeharibika. Siku hiyo ziliharibika fremu mbili. Nilimwona akizisugua kuanza upya, hasemi kitu, na mimi nikahesabu kimoyomoyo bei ya dawa.

Jioni fundi akaenda zake. Nikajua sasa ndiyo saa yangu. Lakini kabla sijafungua mdomo, akanisogezea ukurasa uliokuwa mezani tangu asubuhi. Mraba wa kwanza, mwanamume anachora. Wa pili, ndege inatua kando ya ziwa. Wa tatu, mwanamke mwenye mkoba, mkoba wangu kabisa, amesimama mlangoni. Wa nne, mwanamke huyo huyo, uso mkavu, na juu yake kiputo kikubwa kitupu.

"Mbona hapa hujaandika?" nikamuuliza.

"Sikujua utasema nini. Na bila hayo maneno siwezi kuchapa."

Mtu anayeanza na maneno kila siku, safari hii alikuwa ameyaacha mwisho. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa mwandiko wangu mbaya: "Hela ya kiwanja iko wapi?"

Akaisoma. Hakucheka. Akasema, "Nilipaswa kukuuliza kabla. Niliogopa utakataa." Nikamwambia, "Ningekataa, ndiyo. Lakini ningekuwa nimeulizwa." Tulizungumza hadi usiku wa manane, na sitakudanganya msomaji, sauti zilipanda.

Asubuhi tulichapa. Rangi ya bluu kwanza, kisha nyeusi, kwa sababu nyeusi inafunika makosa ya ile ya chini. Unamwaga wino upande mmoja wa fremu, unashika ubao wenye ukingo wa raba, unauinamisha kidogo na kuvuta kwa nguvu moja bila kusita. Nilisita. Nakala yangu ya kwanza ilitoka na mstari katikati, ya pili ziwa likahamia barabarani. Kila karatasi lazima ikae kwenye alama zilezile za pembeni, na rangi ya kwanza iwe imekauka, la sivyo zote mbili zinachafuka. Hadi saa nane mchana tulikuwa na nakala 60, mabega yanauma.

Tulizipeleka Mwaloni, shilingi 2,000 moja. Waliozigombea ni kinamama wa dagaa. Mmoja alisoma mraba wa nne kwa sauti, akapiga kigelegele, akamwita jirani yake: "Njoo uone, mimi huyu!" Akanunua mbili, moja akasema ya kubandika sebuleni mzee aione. Ziliuzwa 41. Mume wangu akanieleza kwamba tulibahatika na giza: mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawaendi na taa zao ziwani, na hela ya Kirumba inakauka. Kumbe biashara yake nayo inafuata mwezi. Hilo nalo nililiandika kwenye daftari la hesabu.

Kabla sijaondoka tulipatana upya. Kila uchapaji, theluthi ya mauzo inarudi kwenye akaunti, na benki tumewaambia hakuna kutoa hela bila sahihi zetu wote wawili. Deni bado halijaisha, na kiwanja hatujanunua.

Nakala yangu ya pili, ile ambayo ziwa limehamia barabarani, nimeitia fremu hapa ofisini. Wageni huniuliza kwa nini sikuchukua nzuri. Nzuri ziliuzwa, ndugu yangu. Tuna kiwanja cha kulipia.