Masini ilikataa kuwaka, na sauti za watu zilikuwa ndani

Ndugu wasikilizaji wa Fataki, na ninyi wenzetu mlio kambini, wengi mmeniuliza kwa nini matangazo ya kutafutana hayakusikika kwa siku nne. Jibu ni hili.

Jumatatu jioni nilikuwa napanga sauti kwenye kompyuta. Jenereta ikakosa mafuta, na betri ya masini yangu imechoka zamani. Ikazimika palepale, Windows ikiwa katikati ya kupokea maboresho. Nilipoiwasha, nikaona alama ya mtengenezaji, kisha kioo cheusi, basi.

Ndani mlikuwa na sauti 37. Mnajua sababu ya kazi hii. Tangu vita virudi Djugu mwezi Desemba 2017, jamaa zimetawanyika mara nyingi. Mwezi Juni 2019 pekee, Umoja wa Mataifa ulisema watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamehama katika Ituri. Sauti moja ni ya mama aliyepotezana na kijana wake njiani. Hana simu. Alieleza kovu la mtoto kwenye goti, kisha akasema: "Mwanangu, mimi niko hai." Sikuwa nimeyaandika mahali popote.

Nilitafuta sehemu ya uokoaji, ile inayoisaidia masini kujitengeneza. Nilichomoa flashi na kila kitu, nikashikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, nikawasha tena nikibonyeza F11, kisha F8. Kimya. Nikafanya njia nyingine: kuwasha na kuizima kwa nguvu mara tatu mfululizo, maana Windows 10 ikishindwa hivyo huingia kwenye uokoaji yenyewe. Nayo ikakataa.

Fundi wa hapa sokoni aliiangalia akasema, "Kaka, tufute yote tuanze upya. Nusu saa tu." Alitaka kunisaidia, na masini ingewaka kweli. Lakini yule mama ningemwambia nini? Nikamjibu, "Acha kwanza."

Usiku nilimpigia mwenzangu wa Bunia. Akanifungua macho: sehemu ya uokoaji hukaa kwenye diski ileile ya masini. Kipande hicho kikiharibika, hata ubonyeze vitufe vyote, hakuna kitakachofunguka. Ni kama kuficha ufunguo wa pili ndani ya nyumba uliyojifungia nje. Unahitaji ufunguo unaotoka nje.

Ufunguo huo ni flashi ya giga 8 au zaidi, inayotayarishwa kwenye kompyuta nzima yenye intaneti, kwa programu ambayo Microsoft inaitoa bure. Aliitengeneza, akampa mtu wa pikipiki. Toka Bunia hadi kwetu ni kilomita zapata 80, lakini mnaijua barabara yetu. Ilifika siku ya tatu.

Niliichomeka, nikawasha nikibonyeza F12 (masini nyingine ni F9 au Esc), nikachagua flashi. Hapa muwe makini. Sikubonyeza "Installer". Nilibonyeza maandishi madogo ya chini, "Réparer l'ordinateur". Wala sikugusa "Supprimer tout". Nilifungua "Invite de commandes", nikaandika neno notepad, nikabonyeza Enter. Likafunguka dirisha la kuandikia. Kwenye "Fichier", kisha "Ouvrir", nikachagua kuonyesha faili zote. Herufi za diski zilikuwa zimebadilika, C imekuwa D, moyo ukaniruka. Halafu nikaliona faili langu la matangazo. Nikanakili sauti moja moja kwenye flashi ya pili.

Zilitoka 36. Moja ilikuwa imeharibika: ile niliyokuwa naipanga moto ulipokatika. Haikuwa ya yule mama. Ni ya baba mmoja anayemtafuta ndugu yake, na nilikwenda kambini kumwomba msamaha na kumrekodi upya. Alisema, "Hakuna neno, mtoto wangu. Nimezoea kurudia."

Neno hilo limenikaa. Watu hawa wamepoteza nyumba, mashamba na karatasi, na kila anayefika na kalamu anawaomba waanze upya. Isiwe mimi pia, kwa sababu ya uvivu wa kunakili.

Baada ya hapo ndipo nilimruhusu fundi afute na kuweka upya. Masini inafanya kazi. Sasa kila tangazo ninaliandika kwenye daftari siku hiyohiyo, na sauti zinakaa kwenye flashi mbili, moja hapa, moja Bunia. Nanyi wenye picha za watoto au za karatasi kwenye simu, mpeni ndugu wa mbali nakala.

Tangazo la yule mama lilisikika Ijumaa asubuhi. Hatujapata jibu. Tutalirudisha hewani wiki hii.