Udongo wa Ulaya

Mwaka 1977, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu Watanzania kwa kung'ang'ania bati na saruji, aliyoiita udongo wa Ulaya, ilhali matofali na vigae vingeweza kutengenezwa kijijini. Ukipita leo barabara ya Sakina hadi Ngaramtoni, utaona jinsi tulivyomjibu.

Mimi siwalaumu wananchi. Mtu hajengi kuta tu; anajenga heshima, na pengine dhamana ya mkopo. Sensa ya 2022 iliuliza kuta, paa na sakafu zetu ni za vifaa gani, na katika lugha ya taarifa zetu nyumba ya udongo ni dalili ya umaskini, hata kabla hatujauliza imejengwaje. Wakati huohuo, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umefundisha kwa miaka mingi ufyatuaji wa matofali ya kufungamana: udongo, saruji kidogo, kisha mashine ya kushindilia. Tofali hilo halichomwi. Tanuri la matofali ya kuchoma, kinyume chake, hula miti tunayodai kuilinda. Kinachotakiwa ni msingi wa mawe, ambayo Meru imetupa bila choyo, na upenu mpana, maana masika ya huku hayana huruma. Waliojenga msonge walilijua hilo. Paa lao lilishuka chini, likaufunika ukuta.

Serikali inapothamini kilichopo, hakuna anayekidharau. Boma la Wajerumani la mwaka 1900 sasa ni makumbusho. Majengo ya AICC yalikusudiwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, hayakuachiwa popo. Yakawa kituo cha mikutano, kisha Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ikasikiliza kesi humo. Hata Jumuiya ilipofufuka, ilirudi humo ikiwa mpangaji hadi ilipohamia makao yake mapya mwaka 2012!

Kwa hiyo ombi langu kwa watumishi wa halmashauri zetu ni dogo. Ofisi ya kata itakayofuata, Arusha au Meru, ijengwe kwa udongo ulioshindiliwa, na mtendaji akae humo. Kisha mwananchi atakapoleta ramani ya nyumba kama hiyo, asiulizwe iwapo ameishiwa fedha.