Uvimbe Usiouma

Jino likiuma, mtu huamka alfajiri mwenyewe akamtafuta mganga. Kansa ya matiti ina hila nyingine. Mara nyingi huanza kama kidonge kigumu, kidogo kama punje ya mahindi, nacho hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, mama hukisahau. Analima, anapika, ananyonyesha, nacho kinakua.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno, nazo huzaliana kwa utaratibu. Pengine chembe za titi huasi, zikazaliana bila kiasi, kisha zikaenea kwapani, mifupani, mapafuni na katika ini. Hapo hapana uchawi, wala ugonjwa huu hauambukizi. Hata wanaume wachache huupata.

Katika mtaa tunakofundisha tulimjua mama mmoja, muuza samaki wakavu. Aliona ngozi ya titi imebonyea na kukwaruza kama ganda la chungwa, akanyamaza. Baadaye alipelekwa kwa mtu wa dawa za miti, kisha kwa mwingine, na mwaka mzima ukapita. Alipofika hospitali palikuwa na kidonda wazi, na mganga hakuwa na la kufanya ila kumpunguzia maumivu. Aliacha watoto watano, wawili kati yao wakiwa darasani mwetu. Tusimlaumu marehemu: alikuwa akiogopa kwamba akikatwa titi, mumewe atamwacha. Enyi wanaume wenzetu, hofu hiyo sisi ndio tunaoizaa.

Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba katika mwaka 2022 wanawake wapata milioni 2.3 walionekana na kansa hii, na 670,000 walikufa. Katika nchi tajiri, wagonjwa zaidi ya 90 katika 100 huwa hai miaka 5 baada ya kugunduliwa. Afrika ya Kusini ni 40 hivi. Sababu moja kubwa ya tofauti hiyo ni kuchelewa.

Basi kila mama ayajue matiti yake yalivyo siku zote. Akiona uvimbe titini au kwapani, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, asingoje mwezi upite. Uvimbe mwingi si kansa, lakini vidole peke yake haviwezi kuamua. Mganga atapapasa, atapiga picha, kisha atachukua kinyama kidogo kwa sindano kipimwe. (Wako wasemao kwamba sindano hiyo ndiyo inayoeneza ugonjwa, wasisikilizwe.) Uvimbe ukiwa mdogo bado, mara nyingi huondolewa wenyewe tu na titi likabaki, pamoja na mionzi au dawa.

Nanyi wanafunzi, wasomeeni mama zenu na bibi zenu ukurasa huu kwa sauti, bila haya. Nauli ya kwenda hospitali aitoe baba.