Jiwe Lishikwe na Nini?

Wenzangu wa kalamu, hebu niwaulize. Ni riwaya ngapi za upelelezi mmezisoma ambamo almasi imeibwa? Mimi nimepoteza hesabu. Almasi iko ndani ya mkoba, mkoba uko mkononi mwa jambazi mwenye miwani myeusi, na jambazi yumo ndani ya Peugeot inayotimua vumbi kuelekea mpakani. Safi kabisa. Lakini bado sijakutana na mwandishi aliyenieleza jiwe hilo lilifanywaje hata likang'aa hivyo. Nani alilishika? Alilishika na nini? Maana jiwe la karati tatu ni dogo kuliko punje ya hindi. Huwezi kulibana kwa vidole halafu ulikandamize kwenye sahani ya chuma yenye unga wa almasi, inayozunguka mara mamia kwa dakika. Vitaisha vidole kabla ya jiwe. Kwa hiyo jiwe hubandikwa kwenye kijiti, na kijiti ndicho kinachoshikwa. Kuanzia hapo uhai wa jiwe unategemea kitu ambacho mnunuzi hatakiona kamwe, yaani kile kilichoko kati ya jiwe na kijiti.

Haya nayajua kwa sababu kabla sijaanza kujaza kaunta buku na riwaya yangu (niko buku la tatu sasa, na mhusika mkuu bado hajafa kama nilivyopanga), nilikuwa mbandikaji. Mwaka 2016, miezi michache baada ya matokeo ya kidato cha nne, ambayo naomba tusiyajadili, niliingia kwenye karakana moja ya kukata vito, uchochoroni, katikati ya mji wa Arusha. Ukuta wa Mirerani ulikuwa haujajengwa. Huo ulizinduliwa 2018. Wakati ule tanzanaiti ilikuwa inatembea mjini ndani ya vikaratasi, mifukoni mwa mabroka, na ukisimama kijiweni nusu saa ungeoneshwa mawe ya mtaji wa duka zima.

Fundi mkuu alikuwa mzee tuliyemwita Babu. Alishaanza kukata mawe wengi wetu tukiwa bado hatujazaliwa. Hakunikaribisha kwa hotuba. Alinipa taa ya spiriti, vijiti vya shaba na kipande cha nta ya kijani, akasema, "Bandika." Vipande vya kujifunzia vilikuwa vya chupa ya bia. Wiki tatu nikabandika chupa.

Sasa hiyo nta, msomaji, usidhani ni nta ya nyuki tupu. Nta ya nyuki peke yake ni laini mno, jiwe litaogelea. Ndani yake kuna shelaki, utomvu unaotokana na wadudu wadogo wanaonyonya miti kule India na Thailand, na huo huchanganywa na nta na unga laini wa udongo. Ukitaka kuielewa, kumbuka lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia muhuri bahasha za serikali. Ni ndugu, na hata majina yao ni ya ukoo mmoja. Ikipata joto la nyuzi 70 na kidogo inalainika, ikipoa inakuwa ngumu kama mfupa. Ila kuna sharti: jiwe nalo lazima lipate joto. Nta ya moto kwenye jiwe baridi haishiki, inaegemea tu, na utalijua hilo jiwe likiruka na kupotelea chini ya meza. Babu alikuwa anapaka kwanza jiwe shelaki iliyoyeyushwa kwenye spiriti, anaiacha ikauke, ndipo anapasha. Halafu analoanisha vidole na kuifinyanga ile nta kuzunguka jiwe, kama mama anayemfunika mtoto shuka.

Uzuri wa nta ni kwamba inakubali kuombwa radhi. Umeliweka jiwe upande? Pasha tena kidogo, lisogeze. Kwa tanzanaiti hili si jambo dogo, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndipo penye utamu. Tanzanaiti iliyochomwa ukiitazama upande huu ni bluu, ukiigeuza ni zambarau. Jiwe ni lile lile. Kwa hiyo rangi atakayoiona mnunuzi haiamuliwi na sahani wala na msasa. Inaamuliwa siku jiwe linapobandikwa, kwa jinsi lilivyoelekezwa juu ya kijiti. Ukishabandika umeshachagua rangi. Na mara nyingi umbo la jiwe ghafi linakushawishi upande wa zambarau, kwa kuwa huko uzito unabaki mwingi, wakati soko linalipa zaidi kwa bluu. Nilimwona Babu akikaa na jiwe moja asubuhi nzima, analigeuza mbele ya dirisha, hasemi kitu. Mimi mwenye haraka zangu nilidhani amesinzia.

Ubaya wa nta ni huo huo wa kulainika. Wakati wa kung'arisha jiwe linapata moto kwa msuguano. Nta ikilegea kidogo tu, jiwe linageuka kwa kiasi ambacho jicho halioni, ila nyuso zilizokuwa zikutane kwenye nukta moja hazikutani tena.

Vijana wa karakana walikuwa wanapenda supagluu. Tone moja, sekunde chache, kazi inaendelea. Gundi hii ina historia ya kuchekesha. Mwaka 1942, wakati wa vita, Harry Coover na wenzake katika kampuni ya Eastman Kodak kule Marekani walikuwa wanatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Wakapata kitu kinachong'ang'ania kila kinachokigusa, wakaona kero, wakakiweka pembeni. Walikirudia 1951, na 1958 kikaingia sokoni kama gundi. Kinachoifanya ishike ni unyevu, hata huu mdogo uliopo hewani, ndiyo maana vidole vyako vinagandana upesi kuliko vitu unavyotaka kuviunga. Lakini kwa jiwe ina masharti. Inataka nyuso mbili zilizolala sawasawa, haipendi pengo. Ni kavu, ikipigwa kwa ubavu inaachia bila taarifa. Na haikupi nafasi ya kubadili mawazo. Pale ulipoliweka jiwe ndipo linapozikwa.

Halafu kuna epoksi, mirija miwili, unachanganya sawa kwa sawa. Ipo ya dakika tano na ipo ya kulaza usiku kucha. Hii ya pili ni ngumu zaidi, na kuing'oa ni ugomvi. Epoksi haitaki moto, inajaza mapengo, maji haiyaogopi. Ila inataka joto la hewa ili ikomae, na mnaoijua Arusha ya mwezi wa saba mnajua kwamba dakika tano zilizoandikwa kwenye paketi ni dakika tano za nchi nyingine.

Ilikuwa mwezi wa saba hasa alipokuja yule mama.

Aliingia na kitenge amejitanda mpaka masikioni kwa baridi. Shikamoo, marahaba wanangu. Akafungua fundo la leso, ndani kikaratasi, ndani ya kikaratasi jiwe la gramu 2.3, yaani karati kumi na moja na nusu. Mumewe alikuwa mwanaapolo. Alishafariki, si ndani ya shimo, kifua tu, na hilo jiwe ndilo pekee alilokuwa amelificha asiliuze. Lilikuwa limeshachomwa zamani. Mabroka wawili walishamtajia bei ambayo Babu alipoisikia aliguna tu. Mtoto wake alikuwa na nafasi chuoni, na siku zilikuwa zinahesabika. Alikuwa ameambiwa jiwe likikatwa bei inapanda.

Babu akalitia kwenye mwanga. Akaliweka mezani polepole mno, nikajua kuna jambo. Kulikuwa na ufa. Mfupi, kama unywele, umeingia kutoka ubavuni.

Tanzanaiti kwanza si ngumu kivile. Pili ina upande mmoja ambao hupasuka kirahisi, kama ukuni mkavu unavyofuata mstari wake. Na haipendi kushtuliwa na joto. Hapa kuna watu hushangaa: si jiwe hilo hilo huchomwa kwenye tanuri mpaka nyuzi 500 na zaidi ili ligeuke bluu? Ndiyo. Ila tanuri hupandishwa polepole na kushushwa polepole. Jiwe huuawa na ghafla. Mtaani kila mtu ana hadithi ya jiwe lililolia "tii" juu ya taa ya spiriti likawa mawili.

"Mama," Babu akasema, "naweza kukukatia kubwa la zambarau, karati nne na nusu hivi. Au dogo la bluu, tatu. Na katika yote mawili kuna ufa, sikufichi."

"Lipi litamwingiza mtoto chuo?"

"Hilo dogo. Kama ufa hautatusaliti."

"Basi kata hilo." Akavuta stuli, akakaa. Alikaa mle karakana siku zote, anaondoka jioni tu.

Ubishi ukaanza. Kijana mmoja akasema supagluu, hakuna moto, jiwe liko salama. Babu akamuuliza, maji huenda wapi yakikutana na mpasuko? Hilo lilitosha. Supagluu ni nyepesi kama maji, ingenyonywa ndani ya ufa, na mnunuzi mwenye lenzi angeiona humo. Mimi nikasema epoksi mwanzo hadi mwisho, baridi kabisa. Babu akatikisa kichwa. Bluu ya lile jiwe ilikuwa upande mwembamba. Alitaka uwezo wa kulisogeza na kulisogeza tena. Aliitaka nta.

Akaleta karai la mchanga mkavu, akaliweka juu ya jiko la mkaa lililofifia. Jiwe na kijiti vikazikwa mchangani, vikapata joto pamoja, taratibu, karibu saa nzima. Hakuna aliyezungumza kwa sauti. Nta ikashika. Akalisogeza mara mbili mpaka dirisha likaonekana bluu ndani yake. Kisha jiwe likarudi mchangani lipoe kwa mwendo ule ule.

Upande wa chini ulikatwa kwa siku nzima. Ufa ulikuwa ubavuni, hivyo Babu aliamua kuusaga wote badala ya kuishi nao. Kila sahani ilivyozunguka, maji yalichuruzika na uji mweupe. Mama alikuwa anautazama ule uji. Sidhani kulikuwa na mtu mle ndani asiyejua kwamba ule ni ada.

Sasa kuna hatua ambayo waandishi wa Peugeot nyeusi hawaijui. Chini kukishakamilika, jiwe linahamishwa: kijiti cha pili kinakuja kutokea upande wa pili, vinatazamana kwenye mstari mmoja, jiwe katikati. Linashikwa na viwili kwa muda, halafu cha kwanza kinaachia. Ndiyo maana gundi mbili hizo lazima ziwe na tabia tofauti. Zikifanana, siku unapoiambia moja iachie, zote zitasikia. Kawaida yetu ni nta kwanza, epoksi pili, halafu unapasha kijiti cha nta, inalegea wakati epoksi bado imeng'ang'ania.

Epoksi ya dakika tano ikawekwa jioni. Babu hakuziamini hizo dakika, akaiacha mpaka asubuhi. Asubuhi akawasha taa ya spiriti, na mkono wake, mara ya kwanza tangu nimfahamu, ukasita. Ufa haukuwa umeisha wote. Ilibaki ncha.

"Babu," nikamwambia, "shelaki si unaiyeyusha kwa spiriti kila siku?"

Akanitazama.

"Sasa kwa nini tulipashe tena? Tuiloweke."

Hakunijibu. Alizima taa, akachukua gilasi ya chai, akamimina spiriti, akakisimamisha kijiti humo kichwa chini. Spiriti haina ugomvi na epoksi iliyokomaa kwa saa chache. Ilichukua mpaka mchana. Nta ikawa tope la kijani, kijiti cha kwanza kikaanguka chenyewe kwa sauti ndogo, na jiwe likabaki limesimama juu ya cha pili, baridi, zima. Mama akasema alhamdulillahi, kijana wa supagluu akaitikia, ingawa ni Mlutheri.

Upande wa juu ukakatwa, ncha ya ufa ikaondoka na uso wa nne. Epoksi tuliilaza kwenye asetoni siku mbili. Hilo kwa tanzanaiti ni sawa. Kwa zumaridi iliyotiwa mafuta usithubutu, asetoni itayanyonya mafuta na mipasuko yote itajitokeza.

Mizani ikasema karati 2.9. Babu akalikunja jiwe kwenye kikaratasi kipya, akampa mama, akamtajia watu wawili wa kuwaonesha na bei ya kuanzia, na akamwonya asikubali chini ya hapo hata wakimpa soda. Mama alikishika kile kijiti cha shaba, akakigeuza. "Hiki ndicho kilichokuwa kimelishika?" Nikamwambia ndicho. Akakirudisha mezani kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata alikuja kulipa, na hakuomba apunguziwe.

Lakini siku ile ile, kabla kitenge chake hakijapotea uchochoroni, Babu alishanisukumia kijiti nikikwangue epoksi iliyobaki. Garneti ya kijana mmoja wa Umba ilikuwa inasubiri, nene, safi, haina ufa hata mmoja.

"Hiyo," akasema, "nta. Na uwahi."