Nilipima Meza, Sikupima Fimbo

Nakiri kwamba nilidanganya. Muuzaji wa meza ya pool aliniuliza kwa simu chumba changu kina ukubwa gani, nikamjibu, "Kinatosha, wewe lete." Mke wangu naye aliniuliza, "Baba Hawa, umepima lakini?" Nikamwambia nimepima. Kweli nilikuwa nimepima, ila nilipima nafasi ya meza peke yake.

Chumba chenyewe ni cha wageni, hapa nyumbani Dar es Salaam, futi 12 kwa 14, yaani kama sentimita 366 kwa 427. Meza niliyoitamani ilikuwa ya futi 8. Ukihesabu na mbao zake za pembeni, ilichukua kama sentimita 250 kwa 140. Nikatoa, nikaona mtu ataizunguka pande zote bila kugusa ukuta, nikalipa.

Nilichokiacha nje ya hesabu ni fimbo. Fimbo ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 147, na mpira mweupe ukiganda kwenye kingo, karibu fimbo yote inakaa nje ya meza. Uso wa kuchezea wa meza ya futi 8 ni sentimita 224 kwa 112. Ongeza fimbo kila upande, unapata chumba cha sentimita 518 kwa 406, na hapo mkono haujapewa nafasi ya kurudi nyuma kabla ya kupiga, ambayo ni kama sentimita 15 nyingine kila upande. Chumba changu kilipungua sentimita 91 kwa urefu na 40 kwa upana, kabla hata ya hizo za mkono. Ningechukua meza ya futi 7 bado kingepungua.

Meza niliinunua kwa ajili ya kijana wangu. Alikuwa anachelewa kurudi kutoka kwenye kibanda cha pool cha mtaani, nikaona bora achezee nyumbani nikimwona. Jioni ya kwanza mpira mweupe ulisimama upande wa dirishani. Akainama, akarudisha mkono, kitako cha fimbo kikagonga ukuta. Akainua fimbo juu ili apate pa kupitisha, akapiga kwa kuelekea chini, mpira ukaruka na kuangukia sakafuni. Nikamnunulia fimbo fupi ya sentimita 122. Ilisaidia kidogo upande wa mlangoni. Upande wa dirishani haikusaidia kitu. Plasta ilianza kumomonyoka kwa mstari, kimo cha kiuno, pale fimbo ilipokuwa inagonga. Haukupita muda, kijana akarudi kibandani kwake.

Hayo ya plasta na fedha ningeyamaliza kimyakimya. Linaloniuma ni mama. Alikuja kutoka Korogwe kwa ajili ya matibabu, na chumba alichozoea kufikia kilikuwa na meza. Meza ya jiwe la sleti haisogezwi kama kochi. Mara nyingi inazidi kilo 300, na kuihamisha ni kuvua kitambaa, kufungua vipande vya jiwe, kisha kuvipanga upya kwa pima maji hadi vilingane. Kwa hiyo mama alilala chumba cha wajukuu, kitanda cha chini, na usiku akiamka kwenda msalani alipapasa ukuta asiwaamshe watoto. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, usijali." Mimi ndiye niliyepaswa kujali kabla hajafika.

Nimejiuliza kwa nini nilidanganya jambo ambalo utepe wa kupimia ungeliumbua kwa dakika moja. Jibu ni kwamba nilijua. Nilihisi kabisa kwamba chumba ni kidogo, na ndiyo maana sikutaka kipimo. Ningepima sawasawa ningelazimika kuacha, na ningemuuliza mke wangu kwa dhati angenikumbusha mama. Nilikwepa swali kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Meza nimeiuza kwa hasara, kitanda cha wageni kimerudi chumbani. Mama nimemwomba radhi ana kwa ana, na mke wangu nimemweleza kwamba lile neno "nimepima" lilikuwa la uongo. Kijana naye nimeanza kumfuata kule kibandani siku nyingine, tunacheza pamoja, jambo ambalo lilikuwa linawezekana tangu mwanzo bila kununua chochote.

Nawe ukitaka meza nyumbani, azima fimbo halisi kabla ya kutoa fedha. Chora uso wa kuchezea kwa chaki sakafuni, piga magoti kila upande, shika fimbo usawa wa kupigia na urudishe mkono mpaka mwisho. Ikigonga ukuta, acha. Isipogonga, bado uliza: nani analala humu akija? Swali hilo waulize wenzako wa nyumbani, na wakikujibu, wasikilize.